Injinia Aliyebakizwa Ofisini

Mkataba ukishasainiwa na wakuu wakishapigwa picha, mradi wa maji wa kijiji huingia kwenye kipindi kirefu kisicho na mpiga picha. Msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani unasubiriwa. Pampu imekwama bandarini. Mwenye shamba la mihogo anadai mtaro umepita kwake bila fidia, na masika imeshaikata barabara ya kwenda kwenye chanzo. Yupo mtu anayelipwa kuyamaliza hayo yote, naye ni meneja wa mradi. Kwa nini mtu huyo ni mara chache sana awe mwanamke?

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2019 iliyochunguza mamlaka na kampuni 64 za maji kwenye nchi 28, ilikuta wanawake hawafiki hata mmoja kati ya wafanyakazi watano. Inashangaza. Maji yakiwa kwenye ndoo ni kazi ya mwanamke. Yakishaingia kwenye bomba, yanakuwa ya mwanaume.

Hapa Tanzania mhitimu wa uhandisi hupitia mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Norway iliwahi kufadhili wanawake katika mpango huo, na wengi wamefika. Lakini ni kwenye miaka hiyo ya mwanzo ndipo njia zinapoachana, tena kwa nia njema kabisa. Gari la kwenda saiti lina nafasi tatu, huko hakuna nyumba ya wageni, basi bosi anasema, "Dada, wewe baki utuandalie taarifa ya robo mwaka, unaandika vizuri." Anaandika vizuri kweli. Robo mwaka nyingi baadaye, kijana aliyeajiriwa naye siku moja ameshasimamia tenki na kilomita kadhaa za bomba, yeye ana majalada yaliyopangwa vizuri. Kwenye usaili wa kupanda cheo swali ni lilelile: umesimamia mradi wa shilingi ngapi?

Saiti kuna mambo yasiyoingia kwenye taarifa. Chukua siku ya kupima bomba. Kipande kimezibwa pande zote mbili, pampu ya mkono inasukuma maji hadi mshale wa geji ufike baa 10, kisha watu wanakaa kungoja. Kipande kikishika, mshale hautembei. Ukianza kushuka polepole, huenda kuna kiungo kinachovuja mahali ambapo fundi ameshafukia kwa haraka ya kuwahi malipo. "Injinia, hiyo ni hewa tu, itatulia." Huenda ni hewa kweli. Anayeijua kazi anafungua vali, anaitoa hewa, anarudia kipimo. Mshale ukishuka tena, mtaro unafukuliwa na mkandarasi ananuna. Ujasiri wa kumwambia mtu mzima mwenye wafanyakazi arobaini kwamba hatalipwa leo haufundishwi chuoni. Unapatikana kwa kusimama pale mtaroni, na kwa kujua kwamba ofisini hawatakugeuka jioni akiwapigia simu.

Au chukua suala la mahali pa kuweka vituo vya kuchotea maji. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango: kituo kimoja kwa watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400. Kwenye ramani mita 400 hupimwa kwa rula. Kijijini kuna korongo katikati, na masika likijaa akina mama wanalizunguka kwa mbali. Kwenye mkutano wa hadhara wanaosema ni wazee waliokaa kwenye viti; wanaochota wako nyuma, wamekaa chini. Sisemi kwamba mwanamke anazaliwa na kipaji cha kuliona korongo, maana nimewaona wanaume makini wakiliona na wanawake wakilipita. Ila akina mama wale humfuata injinia mwanamke baada ya mkutano na kumwambia yale ambayo hawakuyasema mbele ya mwenyekiti. Taarifa hizo ni za bure, na wakati wa kuhamisha kituo ni kabla ya zege kumwagwa.

Kuna waliofika juu. Rebecca Miano aliongoza KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, kuanzia 2017, na kituo cha jotoardhi cha Olkaria V kilianza kuzalisha umeme katika uongozi wake. Ni mwanasheria, alipanda kupitia ofisi ya katibu wa kampuni. Wizara ya Maji ya Tanzania nayo imepata Katibu Mkuu mwanamke ambaye ni mhandisi, Mwajuma Waziri. Mifano hiyo inatia moyo, lakini ngazi ninayoitilia shaka ni ile ya chini yake sana, ya wilayani.

Sheria ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, na baadaye saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ofisini zinatekelezeka. Saiti iliyo mbali na mji, saa hizo zinabaki kwenye karatasi, na mwaka wa mtoto ndio huo mara nyingi mradi unapokabidhiwa kwa mwingine "kwa muda". Akirudi, mradi umeshazinduliwa kwa jina la huyo mwingine.

Kwa hiyo ndugu meneja wa wilaya au mkoa, mkataba ujao ukifika mezani, mwandike injinia mwanamke kuwa msimamizi, na sahihi ya kuidhinisha hati za malipo iwe yake. Akijifungua mradi ukiendelea, jina lake libaki. Na mkandarasi achimbe choo chenye mlango wa komeo kabla hajashusha bomba la kwanza; gharama yake iingizwe kwenye makadirio, kama inavyoingizwa ya bango la mradi.