Betri ya Motokaa ya Umeme Huishi Miaka Mingapi?

Wasomaji wetu, mwezi uliopita baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja wa hapa Ikombe alitujia na jambo lililomkosesha usingizi. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam ameonyeshwa motokaa ya umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2013 iliyokwisha kutumika Japani, naye ataka baba yake amtumie fedha za mpunga wa misimu miwili ainunue, ailete Kyela, awe akichukua abiria mpaka Mbeya. Mzee akatuuliza, "Maalim, betri ya gari hilo ikifa, si nitakuwa nimenunua banda la kuku?"

Waliokuwapo walicheka, lakini suali halikuwa la kuchekesha. Sisi wa Ikombe, ambao tangu zamani twafika Matema kwa mtumbwi au kwa miguu chini ya milima ya Livingstone, na ambao vyungu vya mama zetu huvuka maji kwenda kuuzwa gulioni Lyulilo, tungeweza kusema kuwa motokaa hazituhusu. Fedha za mpunga zatuhusu sana.

Tena betri tumepata kuionja dhara yake. Mwaka 2016 tulinunua betri ya gari, ile ya maji ya asidi, kwa ajili ya taa za sola za madrasa. Muuzaji alituapia kuwa itadumu miaka mitano. Kila usiku watoto walisoma mpaka taa zikazimika zenyewe, nasi tukaona kuwa hayo ndiyo matumizi. Haikutimiza mwaka. Baadaye tukaelezwa kuwa betri ya namna ile imeundwa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja, wala haistahimili kukaushwa kila siku. Kosa lilikuwa la muuzaji, na letu pia.

Betri inayoendesha motokaa ni ya jinsi nyingine, ya madini ya lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 kwa vyombo vidogo vidogo. Hii aghalabu haifi kwa siku moja. Hupungua. Mfano wake ni mtungi ambao kila ujazwapo huacha utando kidogo ndani, hata nafasi ya maji ikawa ndogo. Ndivyo lithiamu inavyonaswa katika utando ndani ya betri, ikawa haifanyi kazi tena.

Je, hupungua kwa kasi gani? Kampuni ya Geotab, inayofuatilia mienendo ya magari, ilihesabu maelfu ya motokaa za umeme, na mwaka 2020 ikatangaza kuwa kwa wastani betri hupoteza 2.3 kwa mia ya uwezo wake kila mwaka. Katika hesabu yake ya mwaka 2024 ikawa 1.8. Disemba mwaka huo huo wataalamu wa Stanford, Marekani, walieleza kuwa wamejaribu betri 92 kwa zaidi ya miaka miwili, wakaona kuwa zile zilizotumiwa kama dereva atumiavyo barabarani, kuongeza mwendo, kupunguza na kusimama, ziliweza kudumu hata 38 kwa mia zaidi ya zile zilizotumiwa kwa mfululizo mmoja kama ilivyo desturi ya maabara. Basi hofu ya watu imezidi ukweli, na viwanda vingi siku hizi hudhamini betri zao kwa miaka 8.

Lakini wastani haununuliwi. Linunuliwalo ni gari moja, nalo lina historia yake. Adui mkubwa wa betri hizi ni joto. Leaf hizi hazikuwekewa maji ya kupoza betri. Mwaka 2012 wenyeji wa Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani, walilalamika kuwa betri zao zimepungua upesi, na kampuni ikaahidi kutengeneza betri itakayoshuka chini ya vipande 9 kati ya 12 vinavyoonekana mbele ya dereva, kabla ya miaka 5 au maili 60,000. Na hapa kwetu ufukweni mwa Nyasa hakuna baridi ya kusifika. Huidhuru kadhalika kuiacha siku nyingi imejaa kabisa au imekauka, na kuitia umeme wa kasi kila mara. Kwa gari la namna hii, mwenye busara huliweka kivulini, akachezea kati ya 20 na 80 kwa mia.

Tukamwandikia kijana atuletee picha ya vile vipande, gari likiwa limejaa umeme. Picha ilikuja: vilivyowaka ni 8. Hapo tukakaa na mzee kupiga hesabu kwa uniti, zile zile tununuazo za LUKU. Betri ilipokuwa mpya ilichukua uniti 24. Sasa imebaki na kama 16. Kutoka Kyela mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, na gari kama hili hula kama uniti 15 kwa kilomita 100 za tambarare. Lakini njia ile si tambarare. Ziwa liko kama mita 500 juu ya bahari, na Mbeya kama mita 1,700. Kulipandisha gari la tani moja na nusu kimo hicho hutaka uniti 5 nyingine. Jumla 20. Gari lingekwama mlimani likiwa na abiria! Kurudi lingeona nafuu, maana likiteremka hujirudishia umeme kiasi, lakini sharti lifike kwanza.

Muuzaji hakuwa ameyasema haya. Sharia yetu humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa iliyofichwa ila, nasi twaona betri iliyochoka ni ila, hata gari likiwa linang'aa. Huko Nairobi kampuni ya BasiGo, iliyoanza na mabasi ya umeme mwaka 2022, ilifuata njia nyingine: mwenye basi hulipa kodi ya betri kwa kila kilomita aendayo, na hasara ya betri kuchakaa haimwangukii yeye. Utaratibu huo ungalifika Mbeya, tungemshauri mzee vingine.

Fedha hazijatumwa. Kijana ameandika tena kuwa akiacha Mbeya, akachukua abiria baina ya Kyela na Ipinda tu, gari litamtosha, na kuwa bei akipunguziwa bado alitaka. Hesabu hiyo si mbaya, nasi tumemwambia baba yake hivyo. Ameomba siku chache afikiri.