Tujiandae Kumsikiliza Mzazi

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 796, unatuagiza sisi walimu kushirikiana kwa karibu na wazazi, kuwasikiliza kwa moyo mkunjufu na kuithamini mikutano yao. Kwa hiyo kikao na mzazi si baraza la kumshtaki mtoto.

Maandalizi huanza kabla ya siku yenyewe. Tupitie daftari la mahudhurio na kazi za mwanafunzi. Tuandike jema moja la kweli tunaloliona kwake, kisha jambo moja linalohitaji msaada. Tuandae pia maswali, maana utoro tunaouita uvivu huenda chanzo chake ni mama mgonjwa au njaa nyumbani. Mambo kama hayo hayasemwi mbele ya wengine; tutafute mahali pa faragha.

Mwishoni tukubaliane nini kifanyike nyumbani, nini shuleni, na lini tutakutana tena. Mzazi aliyeaibishwa huenda asirudi. Naye asiporudi, anayepotea ni mtoto ambaye Mungu ametukabidhi sote wawili, mzazi na mwalimu.