Je, Wajua? Kutoka Reli ya Niemba Hadi Rafu za Supamaketi

Sogea, ndugu, benchi ina nafasi. Nionyeshe hiyo simu yako.

Je, wajua kuwa ndani yake mna tantali, ile inayotoka kwenye koltani? Miaka ya karibuni, katika kila kilo 10 zinazochimbwa duniani, karibu kilo 4 hutoka Kongo yetu. Na kipande kilichomo kwenye simu kinaweza kuwa kidogo kuliko punje ya mchele!

Haya, moto. Tantali haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 3,017. Bati? Nyuzi 232 tu! Mafuta yakianza kufuka moshi jikoni, bati nalo liko karibu kuwa uji. Ndiyo maana mafundi hulitumia kuunganishia nyaya, na karibu nusu ya bati lote duniani huishia huko.

Umewahi kubeba kasiterite, mama yake bati? Chukua maji lita 1: kilo 1. Jiwe la kasiterite la ukubwa uleule: kama kilo 7! Sasa mwangalie kwa heshima yule kijana anayepita na kiroba mgongoni.

Kopo la nyanya dukani je? Ni chuma kilichopakwa bati, na bati hilo ni jembamba kuliko unywele wako, tena mara nyingi. Bila hilo, kutu ingekula nyanya kabla yako.

Hapa ndipo ninapopapenda. Kiroba cha madini kikijaa mgodini, hufungwa shingoni kwa kitambulisho cha plastiki chenye namba, na namba huandikwa kwenye daftari: mgodi gani, kilo ngapi, siku gani. Kitambulisho hicho hakifunguki mpaka ukikate. Kwa mnunuzi hufungwa kingine, na daftari jingine. Kiroba chenye karatasi nyingi kuliko mwenyewe! Wewe una vitambulisho vingapi?

Nani aliyeyasukuma mambo haya? Marekani, mwaka 2010, ilitunga sheria: kampuni zilizo kwenye soko la hisa zieleze kama bati, tantali, volframi na dhahabu yao vinatoka Kongo au nchi 9 zinazopakana nayo. Taarifa za kwanza zilitolewa mwaka 2014, na kampuni zaidi ya 1,000 zikaandika. Hata maduka makubwa yanayotengenezewa bidhaa kwa jina lao yamo. Muuza sufuria wa ng'ambo anaulizwa habari za shimo la huku kwetu!

Na jirani zetu wa Nyunzu walitangulia. Mwaka 2011 kampuni za Motorola Solutions na AVX zilianza kununua koltani ya Kisengo, Mai Baridi na Luba kwa njia moja inayofuatiliwa toka shimoni hadi kiwandani. Nyingine zilikuwa zinaikimbia Kongo, hizi zikaja.

Jina lenyewe la tantali, wajua? Alilitoa Ekeberg wa Sweden mwaka 1802, kutokana na Tantalus wa hadithi za Wagiriki, aliyesimama ndani ya maji asiweze kuyanywa. Na koltani huoshwa vipi? Mtu kasimama ndani ya maji, magotini.

Sasa twende kwenye reli yetu ya Niemba. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town mpaka ziwa letu, Tanganyika. Treni, matrekta ya mvuke, ng'ombe, mto Lualaba, kisha reli ya Kabalo kuja Kalemie. Maana yake mashua za vita zilipita Niemba, juu ya nchi kavu!

Reli hiyo ina kilomita 273, na upana wake ni milimita 1,067. Vuka ziwa hadi Kigoma: reli ya kwenda Dar es Salaam ina 1,000 kamili. Hata ziwa likikauka kesho, behewa la Kalemie halitaingia. Milimita 67, kama upana wa vidole vinne!

La mwisho, ushike benchi. Mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Kodi waliyokubaliana wakati ule? Faranga 1 kwa mwaka, eti milele! Nenda kaulize kodi ya kibanda sokoni Kalemie.