Uratibu wa sera ya fedha na sera ya bajeti nchini Tanzania

Uratibu wa sera ya fedha na sera ya bajeti ni upatanishi wa maamuzi ya benki kuu na ya serikali wakati uchumi wa nchi unapopanda na unaposhuka. Sera ya fedha inahusu riba na kiasi cha pesa katika mzunguko. Nchini Tanzania inasimamiwa na Benki Kuu, iliyofunguliwa mwaka 1966 na yenye tawi jijini Mwanza. Sera ya bajeti inahusu kodi na matumizi, nayo iko chini ya Wizara ya Fedha.

Kwa kawaida serikali huweka akiba wakati wa neema ili itumie wakati wa shida, na benki kuu hupandisha au kushusha riba kwa kufuata hali hiyohiyo.

Eneo la Ziwa Viktoria lina mfano mchungu. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana. Tanzania, yenye kahawa ya Bukoba na Kilimanjaro, ilipata fedha nyingi za kigeni. Mwaka 1978 masharti ya uagizaji yalilegezwa, na akiba ikaisha upesi. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya ililenga Mwanza, mabomu yakaua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Bei ya mafuta nayo ilipanda.

Serikali ilikopa pengo la bajeti katika mabenki, hasa Benki Kuu. Pesa ziliongezeka, bidhaa hazikuongezeka. Mwaka 1980 mfumuko wa bei ulifikia takriban asilimia 30, huku riba ikiwa chini zaidi, hivyo aliyeweka akiba benki alipata hasara. Wenye umri wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Rais Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Makubaliano na shirika hilo yalifikiwa mwaka 1986.

Kwa jina, sera hizo mbili zilikwenda pamoja. Kwa kweli benki ilitii tu. Sheria ya mwaka 2006 iliipa Benki Kuu lengo kuu la kulinda uthabiti wa bei, ikawekea kikomo mikopo yake kwa serikali.

Mwaka 2020, viwanda vya minofu ya sangara Mwanza vilipopungukiwa na ndege za Ulaya kwa sababu ya UVIKO-19, Benki Kuu iliweza kushusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5. Tangu Januari 2024 hutangaza Riba ya Benki Kuu, iliyoanzia asilimia 5.5.