Shikio, Kimo na Mwachio: Istilahi za Nadharia ya Urukaji katika Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

Kiswahili kilipokipokea chombo kinachoruka kilikopa eropleni, lakini neno lililoshinda ni ndege, ambalo lilipewa kazi ya pili bila kunyang'anywa ya kwanza. Tofauti iliachiwa upatanisho wa kisarufi: ndege huyu ameruka, ndege hii imeruka. Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro jozi hiyo ina uzito usiopatikana katika vitabu vya sarufi, kwani ndiko alikozikwa Michael Grzimek. Yeye na baba yake Bernhard, Wajerumani waliojifunza urubani ili wawahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, walitumia Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia na kusajiliwa kwa herufi D-ENTE. Ente kwa Kijerumani ni bata. Tarehe 10 Januari 1959 chombo hicho kiligongana na tumbusi, na Michael akafariki akiwa na miaka 24. Katika sentensi ndege iligongana na ndege, ni kiambishi i- pekee kinachoonyesha kuwa kiima ni mtambo.

Sarufi, basi, imelimudu jina la chombo. Tatizo limo katika istilahi za sehemu zake na za nadharia ya urukaji. Mwanafunzi wa urubani nchini Tanzania husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mkataba wa Chicago wa 1944, kupitia Kiambatisho cha 10, unaruhusu mawasiliano ya redio kwa lugha ya kituo cha ardhini au kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili hakijapigwa marufuku. Kilichokosekana ni matumizi. Hata hivyo, wanafunzi wanapoelezana jambo gumu baada ya darasa, hulielezana kwa Kiswahili, na hapo ndipo istilahi isiyofaa inapoweza kuleta madhara.

Msamiati wa bahari ni hazina ya kwanza. Rubani, neno lenye asili ya Kiarabu, alikuwa mwongozaji wa chombo majini kabla ya kupanda angani. Usukani nao ulikuwa ubao wa tezini unaogeuza chombo. Magari yaliuhamishia kwenye gurudumu linaloshikwa kwa mikono. Ndege ina vyote viwili: kifaa cha mkononi, na ubao wa mkiani unaoendeshwa kwa miguu. Mwanafunzi akiambiwa akanyage usukani, aliyezoea gari atashangaa. Watu wa pwani walikwisha kuuita ubao huo shikio, na hakuna sababu ya kuunda neno jipya.

Kuhusu vipimo vya wima, Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa. Kimo kinaweza kubaki kwa umbali kutoka ardhini, na mwinuko kwa umbali kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake iko chini kwa takriban mita 600. Ndege inayovuka ukingo katika mwinuko wa mita 2,600 ina kimo cha mita 300. Dakika chache baadaye, bila rubani kugusa chochote, kimo ni mita 900. Ikirudi upande wa pili, mita 600 hizo hupotea vivyo hivyo, ilhali kipimamwinuko hakionyeshi badiliko lolote.

Karatu inadai istilahi ya tatu. Mji huo uko takriban mita 1,500, ambako halijoto sanifu ingekuwa karibu nyuzi 5. Siku yenye nyuzi 25 hewa hupanuka na kupungua msongamano. Kwa makadirio ya marubani, kila nyuzi moja ya ziada ni sawa na kupanda futi 120, yaani takriban mita 37. Hivyo ndege iliyo Karatu hutenda kama iliyo mita 2,240, karibu sawa na ukingo wa Kreta. Injini ya pistoni isiyo na kishindiliahewa hupoteza takriban asilimia 20 ya nguvu zake, na mbio za kuruka hurefuka. Mwinuko wa msongamano ni tafsiri inayotosha, mradi ielezwe kwamba ni mwinuko wa kukokotoa, haupimwi kwa kamba.

Ni katika hali hiyo ambapo rubani mchanga hushawishika kuinua pua ya ndege kupita kiasi. Pembe kati ya bawa na mkondo wa hewa ikizidi takriban nyuzi 15, hewa hubanduka juu ya bawa na kani inayoinua huporomoka. Waswahili wengi huliita tukio hili kuzima, kwa kulinganisha na gari. Tafsiri hiyo ni ya hatari: injini haijazima hata kidogo, na anayeamini imezima atashughulika nayo badala ya kushusha pua. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya 1990 imetupatia kani na kanieneo, nayo yanatosha kueleza sababu. Tukio lenyewe linahitaji kitenzi. Kuachia kinafaa: hewa imeachia bawa. Nomino yake ni mwachio, na kinyume chake kipo tayari, kwani pua ikishushwa, hewa hushika tena.