Msalaba uliofika na mizinga: Kilwa, 1505



Kila siku maelfu ya watu wa Mtoni na Mbagala hupita Barabara ya Kilwa kwenda na kurudi kazini. Katika mji huo wa Kilwa, Wakristo walisimika msalaba miaka 363 kabla ya wamisionari kufika Bagamoyo. Hata hivyo, mwaka 2018 tuliadhimisha Jubilei ya miaka 150 ya Uinjilishaji tukihesabu tangu Bagamoyo, 1868. Kwa nini hatukuhesabu tangu Kilwa?

Jibu limo katika maisha ya askari mmoja Mreno, Francisco de Almeida. Kabla ya kuja huku alikuwa amepigana katika vita vya kuiteka Granada, Hispania, vilivyomalizika mwaka 1492. Mwaka 1505 Mfalme Manuel wa Ureno alimteua kuwa mwakilishi wake wa kwanza katika nchi za Bahari ya Hindi. Aliondoka Lisbon na meli zipatazo 20 na askari wapatao 1,500. Alitumwa kujenga ngome na kuitawala biashara ya bahari hiyo.

Alifika Kilwa mwezi Julai. Mtawala wake, Amiri Ibrahim, alikuwa ametozwa kodi na Vasco da Gama mwaka 1502. Safari hii alikimbia, na mji ukatekwa. Wafransisko waliteremka wakibeba misalaba miwili, wakaimba Te Deum. Msalaba ukasimikwa, Almeida akasali. Baada ya sala, askari wake wakaanza kupora mji.

Almeida alimtawaza Muhammad Ankoni, akajenga ngome iliyopewa jina la Mtakatifu Yakobo, akamwacha Pedro Ferreira Fogaça kuwa kapteni wake. Kisha akaenda Mombasa, akaipora na kuichoma moto.

Koloni hilo halikudumu. Ankoni aliuawa mwaka uliofuata, biashara ikadorora, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome. Walipoondoka, hawakuacha nyuma jumuiya ya Wakristo wenyeji.

Almeida mwenyewe alimpoteza mwanawe Lourenço vitani huko Chaul, India, mwaka 1508. Mwaka uliofuata alilipiza kisasi kwa ushindi mkubwa huko Diu. Machi 1510, akiwa njiani kurudi kwao, aliuawa karibu na Rasi ya Tumaini Jema katika mapigano na Wakhoikhoi, baada ya watu wake kuvamia kijiji chao.

Sasa tuangalie Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu nao hawakuwa malaika, na miaka michache baadaye ukoloni ulikuja huko pia. Lakini wao walikomboa watumwa, wakafungua shule na mashamba, wakaishi na watu. Wengi walikufa wakiwa bado vijana, na makaburi yao yapo Bagamoyo hadi leo.

Tofauti hiyo inatuhusu sisi tunaojiandaa kwa upadre, na kila mwanaparokia anayekwenda kutembelea familia katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Kule Kilwa, watu walioonyeshwa msalaba ndio walioporwa saa ile ile, na hapo sala zilikosa maana mbele yao. Kabla hatujahubiri kwa jirani, tujiulize: ameona nini mikononi mwetu?