Ganda la Kahawa na Makaa ya Mawe

Ruiru ina sifa ya Ruiru 11, kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti cha papa hapa. Ganda lake halisemwi. Ila katika kila kilo 100 za pachimenti, yaani kahawa kavu iliyo bado ndani ya ganda, zinazoingia kinuni, takriban 20 hutoka zikiwa maganda makavu, na kilo moja ya maganda hayo ina karibu theluthi mbili ya joto la kilo moja ya makaa mazuri ya mawe.

Wengi hudhani maganda huchanganywa na makaa ya mawe ili kubana matumizi tu. Ajabu iko kwenye majivu. Ganda likichomwa peke yake, potasiamu yake huungana na klorini, hupaa kama mvuke, kisha hugandia mabomba ya boila na kufanya ukoko unaonata na kula chuma. Mwendesha boila hubaki na kazi ya kukwangua. Makaa ya mawe yakiwamo, udongo ulio katika majivu yake huinasa potasiamu, ikawa madini yasiyoyeyuka upesi, na salfa yake huitenganisha na klorini. Uchafu wa huyu unaufunga uchafu wa yule. Ganda nalo hushika moto mapema, likayachochea makaa.

Kenya haina mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Ule uliopangwa kujengwa Lamu, wa megawati 1,050, ulifutiwa leseni Juni 2019, nami siulilii. Ndoa hii tunayo kwenye tanuri za simiti: Bamburi, Mombasa, wamechoma maganda ya kahawa na ya mpunga pamoja na makaa. Huko, kwenye joto la nyuzi 1,450, hata majivu huingia ndani ya simiti.

Kinachoniudhi ni kuyaita maganda haya "taka" kwa pumzi moja na yanayomwagwa jaani Kang'oki, Thika. Taka za jaani zimelowa na kuchanganyika na plastiki, na plastiki yenye klorini ikiungua vibaya hutoa dioksini. Anayetaka kuzifanya umeme aanze kuzichambua mlangoni kwa mwenye nyumba. Ganda limekwisha kuchambuliwa na kinu. Tatizo lake ni wepesi, lori linajaa kabla uzito haujatosha. Basi lichomwe karibu, pamoja na makaa, kwenye boila za Thika.

Lisilochomwa lina kazi nyingine: matandiko ya kuku na mboji.